Mnara na Ukuta

Babangu alirudi nyumbani kwa tuktuk. Kwa mtu mwengine hilo si jambo la kuandika, lakini yeye tangu nimjue hutoka bandari ya kale kwa miguu, kikoi kimekunjwa vizuri, akisimama kila baraza ya Kibokoni kuamkuana na watu, kiasi kwamba mwendo wa kufumba na kufumbua humchukua alasiri nzima. Siku hiyo tuktuk ilisimama mlangoni jua likiwa bado kali, akashuka amerowa chapachapa, viatu mkononi. Dereva alikuwa amemtandikia gunia asimlowanishie kiti. Mimi nilikuwa kizingitini nachambua mbaazi, maana asubuhi huuza mahamri na mbaazi hapo hapo mlangoni petu.

"Mashua imepanda mwamba," alisema, akanipita akaingia ndani.

Nilimfuata na taulo, nikamfuata na chai ya tangawizi, nikamfuata na maswali. Mwamba upi? Mwamba ni mwamba. Baharia yuko wapi? Yuko nayo. Umeumia? Akalala kitandani akaelekea ukutani, na mgongo wake ukanijibu. Mimi si mtu wa subira. Mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nilizaliwa nimekasirika na bado sijaambiwa sababu. Lakini siku hiyo niliweka kikombe chini nikatoka polepole, kwa sababu niliona bega lake linatetemeka, na jua la Mombasa halimtetemeshi mtu.

Mashua ile si kubwa. Ni ya mbao, ya mashine, iliundwa kabla sijaolewa na ikadumu kuliko ndoa yangu. Ilileta nazi kutoka Takaungu na Kilifi, ikarudi na unga, mafuta ya kupikia, simiti na wakati mwengine mbuzi. Nilipoachwa nikarudi Kibokoni na sanduku langu, ng'ombe aliyevunjika guu akirejea zizini, ni mashua ile iliyonilisha mpaka nikajua tena kushika mwiko wangu. Mtaani hakuna anayemwita babangu kwa jina. Ni nahodha, hata kwa watoto, hata kwa imamu, na sijui kama yeye mwenyewe angeitika akiitwa vyengine.

Hapa lazima nieleze alivyokuwa akiingia bandarini, maana msiba wote umo humo. Vyombo vikubwa hupita mlango mkubwa wenye maboya, na mwenye akili timamu huvifuata. Lakini mashua zinazotoka kaskazini zina mkato wao, kipito chembamba katikati ya mwamba, kisichoonekana maji yakijaa na kisichosamehe maji yakipwa. Kukipata, nahodha hatazami maji, hutazama mji. Hutafuta mnara wa msikiti, na chini ya mnara hutafuta ukuta mweupe, ukuta wa nyuma wa nyumba moja katika safu yetu inayoipa bahari mgongo. Mnara ukikaa juu ya ukuta kama kofia juu ya kichwa, umo kipitoni. Kofia ikienda upande, nawe waenda mwambani. Babu yangu aliingia hivyo, na waliomfunza babu yangu waliingia hivyo.

Nyumba ile ilikuwa ya bibi mmoja jirani yetu. Kila mwaka, Shaabani ikielekea mwisho, manahodha walimletea chokaa, naye akaita wapakaji na kuwasimamia kwa matusi ya adabu mpaka ukuta uwe mweupe wa kuumiza macho. Mbele nyumba ilikuwa imechakaa, mlango umeliwa na mchwa, rangi imebanduka. Nyuma, upande ambao hakuna mpita njia anayeuona, iling'aa. Tukimwambia apake na mbele alitusuta: "Mbele huonwa na wambeya. Nyuma huonwa na wenye haja." Hakuwahi kupanda chombo maisha yake yote, aliogopa maji hata ya kisima.

Bibi alipokufa, warithi waliotawanyika Arabuni na Ulaya waliiuza nyumba kwa mtu wa Nairobi ambaye hajafungua hata dirisha. Akamweka mwanamke mmoja wa kutoka bara awe mlinzi, basi. Ukuta ukashika kuvu, ukawa mweusi kama sufuria ya kuni. Na kama hiyo haitoshi, nyumba ya tatu kutoka hapo ikageuzwa ya wageni, ikapakwa rangi nyeupe ya kung'ara pande zote, mbele na nyuma, ili ipendeze kwenye picha. Vijana wenye mashua hawakujali. Wao wana simu, huzitazama zikawaambia walipo. Babangu alipopewa simu na ndugu yangu aliitia kwenye bweta la kofia, na huko ililia mpaka ikachoka.

Basi siku ile, kwa maneno yake mwenyewe, aliyotutolea jioni baada ya kuswali, aliona mnara, akatafuta weupe chini ya mnara, akauona, akaufuata. Weupe ule ulikuwa wa nyumba ya wageni. Mashua ikapanda jiwe kwa kishindo, maji yalikuwa yapwa, ikapwelewa pale pale imelala ubavu huku nazi zikitoka moja moja na kuelea kuelekea Nyali. Watu wa ngarawa ndio waliomleta nchi kavu.

"Ukuta umehama," alisema. "Mimi sikukosa. Nalifuata mnara na ukuta."

Ndugu yangu mdogo alikuwa amekuja kutoka Shimanzi, anakofanya kazi katika ofisi ya malori, na bado alikuwa na vumbi la makontena kwenye viatu. Alimgeukia baharia, ambaye jioni hiyo alikuwa ameletwa kutoka mwambani. Huyu baharia wa babangu ni mtu wa makamo, wamekuwa pamoja miaka na miaka. Nchi kavu ni bubu kabisa, umsalimie aitikie kwa kichwa, umlishe ashukuru kwa mkono. Baharini, watu husema, hanyamazi.

"Na wewe ulikuwa wapi?" ndugu yangu alimuuliza.

"Nalikuwa chini kwa mashine," alijibu, akitazama vidole vyake vya miguu. "Ilikuwa yakohoa. Nalishuka kidogo tu."

Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Mashua ilikokotwa bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu, liliposaidia, ikaletwa kwenye kipande cha ufuo nyuma ya bandari ya kale, pale penye mawe na matope. Asubuhi nilikwenda na babangu kumngoja fundi. Nilipoiona imelala vile nilitaka kulia, nikawa mkali badala yake, nikamfokea paka. Upande wa kushoto ulikuwa umekwanguliwa mpaka mbao zikaonyesha nyama yake nyekundu. Palikuwa na tundu ambalo mtoto angepita bila kuinama, na ndani, kati ya mataruma, mbavu za chombo, yaliyovunjika, nazi moja ilikuwa imekwama, nzima.

Fundi alifika na gunia lake la vyombo. Ni mtu wa rika la babangu, mnene, mwenye kikohozi.

"Sabalkheri, nahodha."

"Sabalkheri." Babangu alisubiri kidogo.

"Umeamkaje? Wambaje?"

"Ah, fundi! Alhamdulillahi. Wewe, na kifua?"

"Kifua ni kile kile, twamshukuru Mola. Na wajukuu?"

"Hawajambo. Na wako?"

Mashua tumbo limepasuka, nao waulizana wajukuu mmoja mmoja mpaka yule aliyezaliwa Muscat. Nilisimama hapo nikahesabu kunguru. Watu wa bara wakija Mombasa husema tunaanza kazi adhuhuri kwa sababu asubuhi yote tunasalimiana, na siku hiyo niliona wana haki.

Hatimaye fundi alijitia chini ya mashua. Aligonga kwa nyundo, akasikiliza, akagonga tena mbele zaidi. Mlio ulikuwa mzuri, ukawa mzuri, kisha ukawa wa debe. Akatoka na matope usoni.

"Mkuku umepasuka, nahodha."

Mkuku ndio uti wa mgongo wa chombo, ule mti wa chini unaobeba kila kitu. Taruma likivunjika hubadilishwa, ubao ukipasuka hubanduliwa. Mkuku ukipasuka watu huanza kutazamana.

"La kuvunda halina ubani, baba," ndugu yangu alisema. Hakusema kwa ubaya. "Tuivunje. Kuna wenye mahoteli wanaopenda mbao za mashua kuu kuu, watatengeneza meza."

"Meza," babangu alisema.

"Baba, watu wanasema. Nami lazima nikwambie wanavyosema barazani. Wanasema si ukuta. Wanasema ni macho."

Palikuwa na watu pale ufuoni, mabaharia wawili watatu, mwenye duka la kamba, watu ambao hawakuwa na kazi. Wote wakawa hawasikii kwa nguvu zao zote. Babangu alisimama wima, na nikamwona alivyokuwa mrefu nilipokuwa mtoto.

"Sikizani nyote," alisema. "Ukuta ule ulikuwa mweupe nikaingia nao umri wangu wote. Umeharibiwa. Nipakieni ukuta wangu, na fundi anitengezee chombo changu, nitaingia nao tena mbele yenu. Na ikiwa ni mato, wallahi siushiki usukani tena mpaka naingia kaburini. Mmesikia?"

Walisikia. Ndivyo jambo lilivyofungwa, kwa kiapo, mbele za watu, ufuoni penye harufu ya matope. Akipona huyu mzee, nilijiambia, ni kwa ukuta. Na nilimwamini, nataka hilo lijulikane. Nilimwamini kwa sababu ukuta mweusi wa kuvu na ukuta mweupe wa rangi zote mbili zilikuwepo pale kwenye safu yetu kuthibitisha maneno yake, na kwa sababu ni babangu.

Ikaanza kazi ya kutengeneza, na kwa muda nyumba yetu ilinuka mafuta ya papa. Ndugu yangu, yule aliyetaka meza, ndiye aliyepata mti wa mkuku. Bohari moja kuu kuu ilikuwa ikibomolewa Shimanzi, na katika dari yake mlikuwa na boriti la mbambakofi, zito kama dhambi, gumu kiasi kwamba msumeno wa kwanza ulilia ukaacha. Aliliomba, akalipakia kwenye lori lililokuwa likirudi tupu, akalileta mpaka mwisho wa njia ya gari, na watu wakalibeba vichochoroni kama jeneza. Alipolishusha alisema hakulifanya kwa sababu anakubali. Babangu akamwambia, "Hata usipokubali, mwanangu, mti umekubali," na ndugu yangu akacheka bila kutaka.

Kila asubuhi nikimaliza mahamri nilipeleka chakula ufuoni. Fundi aliutoa mkuku wa kale vipande vipande. Babangu alikaa kwenye debe lililofunikwa, akisokota pamba ya kalafati, ile inayochovywa mafuta ikapigiliwa katikati ya mbao maji yasiingie. Kazi hiyo aliifanya vizuri kuliko wote. Fundi akimaliza kupigilia mstari, babangu alisimama akapitisha kidole juu yake toka tezi nyuma hadi omo mbele, polepole, macho yamefumbwa, kisha akasema, "Hapa," na kweli hapo palikuwa na upenyo. Fundi alimwita kila mara. Niliona fahari. Nilifikiri, huyu ndiye mtu wanayemsengenya.

Maana walimsengenya. Mwenye duka la kamba alinisimamisha siku moja akaniambia kwa huruma tele kwamba heri babangu apumzike, mato ya uzee ni mato ya uzee, na kwamba mkono wa dawa si mkono wa tonge, sijui alitaka kusema nini. Nilimwambia macho yake yeye ni mazima na bado hupima kamba fupi. Tangu siku hiyo hatusalimiani, na katika mtaa wetu kutosalimiana ni kama kuhama.

Ukuta niliushughulikia mwenyewe. Nilibisha kwenye nyumba ya bibi, na yule mwanamke mlinzi akanifungulia. Ni Mkristo, wa kutoka bara, mpole, alikuwa na redio ndogo ya kwaya ubavuni. Nilikwisha kujitayarisha kwa ugomvi, nikamweleza habari ya mnara na ukuta kwa sauti ya ugomvi. Akanisikiza mpaka mwisho.

"Mama, mimi ni mlinzi tu hapa," alisema. "Lakini mwenye nyumba hajawahi kuniuliza ukuta wa nyuma ni wa rangi gani. Wewe paka. Kumbe watu wanautazama, nami nimekuwa nikianika matambara huko."

Akayatoa matambara siku hiyo hiyo. Chokaa aliibeba baharia, magunia begani, na nikamweleza mpango wangu. Babangu nilikuwa nimemwahidi kwamba ukuta utapakwa, lakini sikumwambia siku. Nilitaka auone kutoka baharini. Ukuta ule haukufanywa uonwe na mtu aliye chini yake kichochoroni, na kwa ufuo ule wa fundi pia hauonekani, nyumba nyengine zimeuziba. Nilitaka ageuze omo kuelekea mji, na ukuta wake uwe pale unamngoja, mweupe, kama enzi za bibi. Sijampa babangu zawadi nyingi. Mimi hupika na kunung'unika.

Baharia aliweka gunia chini. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Heri ungemwambia," alisema.

"Wewe nchi kavu husemi miaka yote, leo ndio wataka kusema?"

Akabeba gunia jengine. Nimelikumbuka neno lile mara nyingi kuliko dua nyengine ninazozijua.

Wapakaji walishuka na kamba kutoka paani. Walikwangua kuvu, wakapaka, wakapaka tena. Mlinzi na mimi tulitokeza vichwa dirishani kutazama juu, na mwanga wa chokaa ukatujaa machoni tukarudi ndani tukipepesa. Alisema huko kwao ukuta wa namna hiyo ni wa kanisa. Nikamwambia kwetu ni wa nazi.

Siku ya kuishusha mashua watu walikuwa wengi, nusu wamekuja kuomba dua na nusu wamekuja kuona. Ubani ulifukizwa toka omo hadi tezi. Imamu akasoma, tukaitikia amin, tukala halua na kahawa chungu. Ndugu yangu alikuja na shati la ofisini, akaegemeza bega mbaoni pamoja na wengine, wakaisukuma juu ya magogo. Ilipogusa maji sote tuliinama tukisikiliza. Haikuvuja. Fundi alilamba ukingo wa ubao kwa ndani kuhakikisha ni mkavu, akakohoa, akasema alhamdulillahi.

Babangu akashika usukani. Alivaa kanzu safi na kofia yake ya vito, na mkono wake ulipofunga pale kwenye mti uliolainika kwa kiganja chake mwenyewe, uso wote ulitulia. Mimi bahari hunitapisha, lakini nilipanda. Fundi akapanda na birika lake la kahawa. Baharia akasimama karibu na babangu, na tulipoiacha bandari nikagundua kuwa watu hawakumsingizia.

Alisema bila kituo. Leo upepo ni huu. Leo kuna boya limeinama, lile pale kushoto, miaka yote limenyooka. Yule wa ngarawa atupita kwa mbele, mtazame alivyo na haraka, tupunguze kidogo apite. Maji ya huku ni mazito, ya kule mepesi. Nilikuwa na kichefuchefu, na sauti ile ilinitia hasira, nikamwambia apumzishe ulimi wake. Alishusha sauti, akaendelea chini chini. Babangu hakumwambia anyamaze. Alikuwa akisikiliza huku akitabasamu.

Tulitoka nje mpaka mawimbi yakawa marefu, maji yakiwa ndiyo yaanza kujaa, kwa tahadhari ya fundi. Kisha babangu akaizungusha mashua kuelekea mji. Niliinua kichwa.

Ulikuwa pale. Mji wote wa kale ulikuwa umesongamana rangi ya vumbi na kutu, na katikati yake ukuta wa bibi, mweupe kuliko kitu chochote, ukiizima hata ile nyumba ya wageni. Sikuwa nimewahi kuuona kutoka upande huu. Nilielewa kwa mara ya kwanza bibi aliyeogopa maji alikuwa akifanya nini miaka yote ile, nikasahau kichefuchefu. Mnara ulikuwa kando yake kidogo, kofia iliyoenda upande, ukingojea kuwekwa sawa. Nikamgeukia babangu nione furaha yake.

Alikuwa ametazama mji, sawasawa pale ukuta ulipo, macho wazi.

"Wataupaka lini?" aliniuliza.

Nilidhani ananitania. Alingoja jibu, mpole, kama mtu aulizaye habari ya mvua. Fundi alishusha kikombe chake.

"Upande wa kulia leo maji ni mazuri, nahodha," baharia alisema, kwa sauti ile ile ya porojo. Mkono wa babangu ukasogeza usukani kabla maneno hayajaisha. Omo ikaenda kulia. Mnara ukatambaa polepole, ukaja ukakaa juu ya ukuta.

Hapo nikajua, na nilijua yote kwa pamoja. Hakuuona ukuta mweusi na hakuuona mweupe. Hakuufuata ukuta wa nyumba ya wageni. Alikuwa akiifuata sauti ya mtu huyu, miaka sijui mingapi, na siku ambayo mashine ilikohoa na sauti ikashuka chini, akaendesha akiwa peke yake gizani wakati wa alasiri. Nikakumbuka barazani, alivyosimama kila mahali akingoja mtu amwamkie kwanza, na wambaje, na umeamkaje, na wajukuu, mpaka aijue sauti ni ya nani. Nilidhani ni adabu. Kwetu salamu ni ndefu mno, mtu aweza kupofuka humo ndani na asijulikane. Mimi nilikuwa nikimpikia, nikimfulia, nikimfokea, na sikung'amua chochote.

Hakuna aliyesema. Hata baharia alikatiza porojo lake. Na ukimya ule babangu aliusikia, maana masikio yake ni mazima.

"Ushapakwa," alisema.

"Ushapakwa, baba."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Nalitaka uuone kutoka huku."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu na kuona ni ya haki. Kisha akamwambia baharia, "Ndoo hapa, ushike usukani."

"Nahodha, tumo karibu, ingiza wewe," baharia alisema. "Mimi ntakuwa hapa hapa."

"Hapana haja, nahodha," fundi naye alisema. "Sisi hatukuona kitu. Wallahi mimi nalikuwa nanywa kahawa."

"Nalisema neno langu mbele za watu," babangu alisema. "Shika."

Baharia akashika. Babangu aliondoka tezi akipapasa mbao kwa mikono, zile alizozikagua kwa kidole ufuoni, akaja akakaa kando yangu kwenye ubao wanapokaa abiria. Alikuwa na harufu ya ubani na mafuta ya papa. Nilimshika mkono na hakuutoa, na hilo si jambo tulilozoea. Mbele yetu mwamba ulikuwa ukionekana chini ya maji, wa kahawia, pande zote mbili, karibu sana. Baharia aliendesha akitazama mji na hakusema neno hata moja. Hakuwa tena na wa kumwambia.

"Nambia ulivyo," babangu alisema.

Nilitaka kumwambia habari ya mwanga ulivyotujaa machoni dirishani, na yule mlinzi na kanisa lake, na mji wote ulivyofifia kando ya ukuta ule.

"Mweupe, baba."

"Na mnara?"

"U juu yake."

"Sawasawa?"

"Sawasawa."

"Basi tumeingia," akasema.